Joule na Maji ya Chania

Muulize mwanafunzi yeyote wa Thika au Ruiru kalori moja ni jouli ngapi. Aghalabu atajibu pasi na kusita: 4.2. Muulize ni kwa nini, naye atanyamaza. Kosa si lake. Sisi walimu tumemkaririsha jedwali, tukasahau kumsimulia maisha ya aliyelitolea jasho.

James Prescott Joule alizaliwa mwaka 1818 mjini Salford, Uingereza, katika jamaa ya watengenezaji bia. Utotoni alikuwa dhaifu wa mwili, akasomeshwa nyumbani. Mwanakemia John Dalton alikuwa miongoni mwa walimu wake. Shahada ya chuo kikuu hakuisomea.

Zama hizo wataalamu wengi waliamini kuwa joto ni aina ya kiowevu kisichoonekana, kihamacho kutoka kitu hadi kitu. Joule alishuku. Matokeo yake ya awali, aliyoyasoma mjini Cork mwaka 1843, yalipokewa kwa kimya. Hakukata tamaa. Alitundika vyuma vizito kwenye kamba; viliposhuka vilizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, na maji yakapata joto kidogo mno. Alipima, akarudia, akapima tena. Mwaka 1847, huko Oxford, kijana William Thomson alimsikiliza kwa makini, na wataalamu wakaanza kugutuka. Mwaka 1850 Joule alitoa jawabu: ratili moja ya maji hupanda joto kwa digrii moja ya Fahrenheit kwa kazi ya kushusha ratili moja futi 772.

Inasimuliwa kwamba hata katika fungate yake alibeba kipimajoto hadi kwenye maporomoko ya maji milimani Alps. Nasi Thika tunayo maporomoko ya Chania. Tuchukue kimo cha mita 25: kila kilo ya maji iangukapo hutoa jouli zipatazo 245, zinazotosha kuipasha joto kwa digrii 0.06 tu za Selsiasi. Ili ipande digrii moja, yahitajika mita 427! Hiyo ndiyo 4.2 yetu, imevaa vazi jingine. Tangu mwaka 1925, kituo cha Ndula, karibu na Thika, kiligeuza anguko kama hilo kuwa umeme.

Wahenga wetu walijua kuwa vibaba vinne ni pishi moja, kwa sababu nafaka ni ileile. Joule alithibitisha kuwa joto na kazi nazo ni nafaka moja. Ndiyo maana kilokalori za mkate na kilowati-saa za umeme anazonunua mzazi wa Ruiru zaweza kuwekwa katika mizani moja.

Joule alifariki mwaka 1889, na kaburini pake ikachongwa tarakimu 772.55. Mwalimu mwenzangu, kabla ya kuandika 4.2 ubaoni, wapeleke wanafunzi wako Chania. Jedwali husahaulika; maporomoko hayasahauliki.