Mwenye heri Carlo Gnocchi: padri aliyewaachia vipofu macho yake

Tarehe 25 Oktoba Jimbo Kuu la Milano, kaskazini mwa Italia, huadhimisha kumbukumbu ya Mwenye heri Carlo Gnocchi. Waitalia wengi wanamfahamu kama baba wa watoto waliolemazwa na vita. Leo tunapenda kumtazama kwa upande mwingine: padri aliyeamua kutoa sehemu ya mwili wake baada ya kufa, na ambaye hakuifanya nia hiyo kuwa siri ya moyo wake, bali aliitamka mapema kwa watu waliokuwa karibu na kitanda chake. Kama asingesema, zawadi yake ingezikwa pamoja naye.

Carlo alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1902 huko San Colombano al Lambro, mji mdogo karibu na Lodi. Baba yake, Enrico, alikuwa fundi wa marumaru, na mama yake, Clementina, alikuwa mshonaji wa nguo. Alipokuwa na umri wa miaka mitano baba alifariki, na mama akahamia Milano na wanawe watatu. Baadaye kaka zake wawili, Mario na Andrea, nao walikufa kwa kifua kikuu. Kijana huyu alijua tangu utoto msiba unavyoiacha nyumba.

Alipewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1925. Alitumwa kwanza Cernusco sul Naviglio, kisha katika parokia ya San Pietro in Sala mjini Milano, na kote alipenda kuwa pamoja na vijana. Mwaka 1936 Kardinali Ildefonso Schuster alimteua kuwa mlezi wa kiroho wa Taasisi ya Gonzaga, shule ya Mabruda wa Shule za Kikristo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, vijana wengi wa rika la wanafunzi wake waliitwa jeshini. Padri Carlo hakutaka kuwaombea kwa mbali tu. Alijitolea kuwa kasisi wa jeshi kati ya Alpini, askari wa milimani, kwanza katika mapigano ya Albania na Ugiriki, kisha, mwaka 1942, nchini Urusi pamoja na divisheni ya Tridentina.

Januari 1943 jeshi la Italia lilirudi nyuma katika theluji ya Urusi. Maelfu walikufa kwa baridi, njaa na risasi. Padri Carlo mwenyewe alianguka kando ya njia kwa kuishiwa nguvu, akaokolewa na watu waliompakia kwenye sleji iliyokuwa ikipita. Katika siku hizo aliwahudumia waliokuwa wakikata roho, na kupokea kutoka kwao maneno ya mwisho kwa wazazi, wake na watoto wao. Aliporudi Italia alipita bonde hadi bonde katika milima ya Alpi akizitafuta familia za marehemu, awafikishie maneno hayo na kuwafariji. Wakati huohuo aliwasaidia watu waliokuwa wakisakwa kuvuka mpaka kwenda Uswisi, na kwa ajili hiyo alikamatwa na kikosi cha SS cha Wajerumani.

Tunaomba msomaji aikumbuke kazi hiyo ya kubeba wosia. Padri huyu aliona kwa macho yake tofauti kati ya familia iliyojua marehemu alitaka nini na ile iliyobaki kubahatisha.

Mwaka 1945 alikabidhiwa uongozi wa taasisi ya walemavu wa vita huko Arosio. Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyomfanya ajulikane. Alipokea watoto waliokatika mikono na miguu kwa mabomu, na wengine waliopofuka. Nyumba zake zikaenea hadi Torino, Parma, Roma na Salerno. Mwaka 1949 alianzisha shirikisho la kuwasaidia watoto waliolemazwa na vita, na mwaka 1952 taasisi ya Pro Juventute ikatambuliwa rasmi na serikali. Majeruhi wa vita walipopungua, aliwafungulia milango watoto wenye polio. Hakuridhika na kuwapa chakula na kitanda. Alitaka wapate upasuaji, viungo bandia, mazoezi, shule na ufundi, ili mtoto asimame kama mtu kamili.

Akiwa bado anajenga kituo kikubwa mjini Milano, ugonjwa wa saratani ulimlaza. Alipoona kwamba hatapona, alimwomba daktari wa macho Cesare Galeazzi achukue konea zake mara atakapokufa, na kuwapandikizia vipofu wawili. Konea ni ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, mithili ya kioo cha dirisha. Kwa kuwa haina mishipa ya damu, mwili wa anayeipokea huikataa kwa nadra kuliko viungo vingine, na hata mtu aliyekufa kwa saratani mara nyingi anaweza kuitoa. Upasuaji wa namna hiyo ulikuwa umefaulu kwa mara ya kwanza mwaka 1905, mikononi mwa daktari Eduard Zirm huko Moravia. Lakini Italia ya mwaka 1956 ilikuwa bado haina sheria mahususi ya kuchukua viungo vya marehemu, na daktari aliyekubali alijua kwamba anaweza kujikuta matatani.

Padri Carlo alifariki mjini Milano tarehe 28 Februari 1956, akiwa na umri wa miaka 53. Konea huharibika upesi, na hutakiwa kuchukuliwa katika saa chache tu baada ya kifo. Hapakuwa na muda wa kuitisha kikao na kujadili. Lakini hapakuwa na haja ya kikao, kwa sababu neno lilikwisha kusemwa. Daktari Galeazzi alitimiza ahadi, na mvulana mmoja na msichana mmoja waliokuwa vipofu wakapata kuona. Siku ya mazishi umati mkubwa ulijaza Kanisa Kuu la Milano na uwanja wake, Askofu Mkuu Giovanni Battista Montini, ambaye baadaye alikuwa Papa Paulo VI, akiongoza ibada. Askari wa Alpini walibeba jeneza, na wenzao waliwabeba mabegani watoto walemavu waliokuwa wakilia.

Habari hiyo iliitikisa nchi. Tarehe 14 Mei mwaka huohuo Papa Pio XII alizungumza na wachangiaji wa konea na chama cha vipofu wa Italia. Alifundisha kwamba kuchukua konea ya marehemu ili kumsaidia kipofu si kosa, mradi mwili uheshimiwe, hisia na haki za wafiwa zizingatiwe, na tendo hilo lisigeuzwe kuwa wajibu wa kulazimisha watu. Mwezi Aprili 1957 Italia ikapata sheria ya kusimamia jambo hilo. Padri Carlo alitangazwa Mwenye heri mjini Milano tarehe 25 Oktoba 2009, siku ambayo angetimiza miaka 107.

Mafundisho ya Kanisa yameendelea katika njia hiyohiyo. Katekisimu inaliita tendo la kutoa viungo baada ya kifo kuwa adilifu na lenye kustahili, ila inadai ridhaa ya wazi ya mtoaji au ya wale wanaomwakilisha kihalali. Papa Yohane Paulo II, akizungumza na wataalamu wa upandikizaji mjini Roma mwaka 2000, alisisitiza kwamba kiungo cha binadamu hakiuzwi, na kwamba kifo kithibitishwe kwa uhakika kwanza. Kwa ufupi, hii ni zawadi, na zawadi hutolewa na mwenyewe, kwa hiari na kwa kujua anachofanya.

Kwetu sisi, kikwazo kikubwa mara nyingi ni hofu ya kulitaja jambo lenyewe. Kusema habari za kifo chako nyumbani huonekana kama kukiita. Wapo pia wanaojiuliza kama mwili uliopungua kiungo utafufuka mzima. Tuwakumbuke Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886. Miili yao iligeuka majivu, na hakuna Mkristo anayetilia shaka ufufuko wao. Mungu aliyetuumba kutoka mavumbi hashindwi na konea mbili.

Hofu ya wafiwa ni ya kweli, na haistahili kubezwa. Mama aliyetoka kufiwa na mwanawe, akiulizwa na daktari usiku kama anaruhusu kiungo kichukuliwe, atakataa, na tusimlaumu. Ameombwa kuamua katika saa moja jambo ambalo mwanawe alikuwa na miaka ya kumwambia. Ndiyo maana anayenuia kutoa kiungo anadaiwa upendo wa namna mbili: kwa mgonjwa asiyemjua, na kwa ndugu zake watakaobaki.

Basi, aliyefikia uamuzi huo katika sala aseme angali na afya. Azungumze na mwenzi wake wa ndoa, wazazi, au mkubwa wa ukoo ambaye neno lake husikilizwa msibani. Aeleze sababu yake, asikilize maswali yao bila hasira, na arudie tena siku nyingine kama mara ya kwanza wamenyamaza. Aandike, na amkabidhi nakala mtu anayemwamini. Nchini Tanzania upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017, kwa figo za ndugu walio hai, na hapo pia kila kitu huanza kwa mazungumzo ya familia. Nasi mapadri na waseminari, tusiokuwa na mke wala watoto, tunao wazazi, ndugu na wakubwa wa shirika au jimbo. Nao wana haki ya kujua.

Padri Carlo alizifikishia familia za wengine maneno ya mwisho ya wapendwa wao. Zamu yake ilipofika, hakumwachia mtu kazi ya kukisia alichotaka. Alisema, nao waliomsikia wakatenda, na vijana wawili wakaona.

Mwenye heri Carlo Gnocchi, utuombee.