Monsenyeri Gabriel Grison na Muji wa Maporomoko

Katika siku hizi za yubile ni haki tumukumbuke mutu aliyeleta Misa kwenye sehemu hii ya muto. Wazee wanalijua jina lake. Vijana wengi wanajua tu Saint Gabriel kama jina la mahali.

Emile-Gabriel Grison alizaliwa mwaka 1860 katika inchi ya Ufaransa, akaingia katika shirika la Wapadri wa Moyo Mutakatifu wa Yezu, lililoanzishwa na Padri Léon Dehon. Kwanza hakutumwa kwetu. Alifanya kazi katika inchi ya Ekuadori, Amerika ya Kusini, mpaka serikali ya kule ilipowafukuza wamisionari. Mlango ule ulipofungwa, ndipo alipotumwa Kongo, mwaka 1897. Wakati ule reli ya kutoka Matadi mpaka Léopoldville haijaisha bado. Ilimalizika mwaka 1898. Kutoka Léopoldville alipanda merikebu ya moshi, akasafiri zaidi ya kilometa 1.700 juu ya muto, mpaka mahali ambapo merikebu haziwezi kupita tena kwa sababu ya maporomoko.

Muji aliouona ulikuwa na historia ya uchungu. Wagenia walikuwa pale tangu zamani, wakivua samaki kwa miti na migono mikubwa iliyofungwa ndani ya maji makali, kazi ambayo watoto wao wanaifanya mpaka leo. Stanley alipita mwaka 1877, akarudi mwisho wa 1883 kuweka kituo kwenye kisiwa. Waarabu na Waswahili waliotoka upande wa Zanzibari walikuwa na nguvu kubwa pale, wakifanya biashara ya pembe za tembo na ya watu. Mwaka 1886 walikishambulia kituo na wazungu wakakimbia. Mwaka uliofuata Bula Matari akamupa Tippu Tip mwenyewe kazi ya kuwa liwali wa muji. Vita ikaja nyuma, kwanzia 1892, na utawala wa Waarabu ukavunjika. Mwaka ule Padri Grison alipofika, askari Batetela walikuwa wameasi, na inchi ilikuwa na hofu.

Siku ya Noeli mwaka 1897 akaanza misioni kwenye ukingo wa kuume, chini kidogo ya maporomoko, akaiita Mutakatifu Gabrieli, jina alilokuwa nalo yeye mwenyewe. Watoto wake wa kwanza katika imani hawakuwa wana wa wakubwa. Walikuwa hasa watoto waliookolewa katika utumwa, waliotoka makabila mbalimbali, ambao wengine hawakujua tena njia ya kurudi kwa wazazi wao. Kingwana, lugha iliyokuja pamoja na wafanya biashara ya watumwa, ikawa kwao lugha ya kusali. Mimi niliye katekista ninaona ajabu kila mara ninapofikiri jambo hilo.

Tusifiche pia lililo kweli. Misioni ilisimama chini ya serikali ileile iliyowalazimisha wazee wetu kuleta kauchu na pembe, na watu wengi walishindwa kutenganisha mupadri na Bula Matari. Mengine waliyoyatenda wazungu wa wakati ule bado yanauma. Lakini Grison alibaki. Homa na malale viliua wamisionari wengi vijana, na yeye aliyewazika akaendelea na safari zake katika mitumbwi na kwa miguu.

Mwaka 1904 Roma ilifanya Stanley Falls kuwa prefektura, na yeye mukubwa wake. Mwaka 1908 ikawa vikariati, naye akapewa uaskofu. Misioni zikaongezeka, hata mbali sana, mpaka Beni, mwaka 1906. Lakini mapadri walikuwa wachache na misitu mikubwa. Katika vijiji, mutu wa kila siku alikuwa katekista: ndiye aliyefundisha sala, aliyebatiza walio karibu kufa, aliyepiga ngoma ya Dominika. Majina yao hayakuandikwa sana katika vitabu. Kama familia yako inalo jina moja, uliandike mbele wazee hawajaisha.

Mwaka 1933 Monsenyeri Grison, akiwa amezeeka, aliacha mamlaka, na Monsenyeri Camille Verfaillie akashika nafasi yake. Hakutaka kurudi Ulaya kupumzika. Alikufa hukuhuku mwaka 1942, mwenye miaka zaidi ya 80.

Vikariati yake ikawa jimbo kuu mwaka 1959. Mwaka 1964, katika uasi wa Simba, wandugu wengi wa shirika lake waliuawa. Muji ukapata tena jina la Kisangani mwaka 1966, na mwaka 1967 Monsenyeri Augustin Fataki, mwana wa inchi, akakaa katika kiti cha askofu.