Mtakatifu Aliyejifunza Kujivumilia

Mwezi wa Desemba mwaka 1586, mjini Paris, mwanafunzi mmoja wa miaka 19 alishindwa kula na kulala. Naye ndiye Fransisko wa Sales, mzaliwa wa kwanza wa mtu mkubwa wa nchi ya Savoy. Baba yake alikwisha kumpangia maisha: asome sheria, apate cheo. Katika chuo cha Mapadre Wajesuiti kijana huyo alishika yote kwa bidii, masomo na sala, wala hakujua kufanya jambo nusunusu.

Siku zile wasomi walibishana sana juu ya fumbo la Mungu kuwachagua watu tangu milele. Fransisko alijitazama, akadhani ameandikiwa kupotea. Kadiri alivyojikagua, ndivyo alivyozidi kujihukumu. Kwa muda wa majuma sita hivi aliteseka hata mwili ukadhoofika. Mwishowe aliingia kanisa la Saint-Étienne-des-Grès, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Akaazimu kwamba, hata ikiwa hatajaliwa kumpenda Mungu ahera, atampenda hapa duniani. Akasali sala ya Kumbuka, na mzigo ukamwondoka.

Baadaye alipata udaktari wa sheria huko Padova mwaka 1591, akawa padre mwaka 1593, na askofu wa Geneva mwaka 1602. Katika kitabu chake cha mwaka 1609, alichowaandikia watu wanaoishi katika shughuli za dunia, alifundisha kwamba twapaswa kuwa wapole hata kwa nafsi zetu. Mtu anayejikasirikia kwa kuwa alikasirika, aongeza kosa juu ya kosa. Mwana husikia zaidi baba anayemrudi kwa upole kuliko anayemfokea. Ndivyo ulivyo na moyo wetu. Wala huo si ulegevu: kosa liitwe kosa, litubiwe, kisha tuinuke tuendelee na safari. Alifariki tarehe 28 Desemba 1622, na mwaka 1877 Papa Pio IX alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Twayakumbusha hayo kwa ajili ya vijana wetu walio katika Vyuo Vikuu. Wako ambao alama moja haba huwafanya wajione si kitu, hata waone haya kurudi nyumbani. Nasi wazazi na walezi tujihoji: je, neno letu la kwanza kwao si matokeo ya mtihani? Jinsi tunavyowasema, ndivyo watakavyojisema wenyewe wakiwa peke yao.

Basi, likizo ijayo, tumwulize kijana kwanza hali yake, ndipo tuulize masomo. Naye anayelemewa kama Fransisko asinyamaze: amwendee mzazi, padre au daktari, amweleze yote.