Ibnul Qayyim na ufarisi

Imam Muhammad bin Abi Bakr, maarufu Ibnul Qayyim al-Jawziyya, alizaliwa mwaka 691 Hijria (1292). Baba yake alikuwa msimamizi wa Madrasa ya Jawziyya mjini Damascus. Ndipo jina lilipotoka. Mwaka 726 alifungwa ngomeni pamoja na mwalimu wake, Ibn Taymiyya, na hakutolewa hadi mwalimu alipofariki mwaka 728.

Wengi tunamjua kwa vitabu vyake vya tiba ya nyoyo. Aliandika pia kitabu kizima juu ya ufarisi. Aliugawa mafungu manne: kupanda farasi, kurusha mishale, mkuki na upanga. Pamoja na huo akataja ufarisi wa elimu na hoja, ambao hufungua nyoyo kama silaha inavyofungua miji. Masahaba, radhi za Allah ziwe juu yao, walikuwa na vyote viwili.

Mtihani ulimjia kwenye mbio za farasi. Wakishindana wawili na kila mmoja akatoa dau, je, lazima aingie wa tatu asiyetoa kitu? Jumhuri, wakiwemo Mashafii, wanasema lazima, isije ikawa kamari. Yeye alifuata rai ya mwalimu wake kuwa si lazima. Mwaka 746 kadhi wa Kishafii, Taqiyyuddin as-Subki, alimwita, naye akaishia kudhihirisha kuafikiana na jumhuri.

Alifariki Rajab 751, akazikwa Bab as-Saghir.

Wazazi, tuwaache watoto wacheze na wajenge miili, lakini tuulize kwanza: hela ya zawadi imetoka wapi? Allah amrehemu.