Maisha ya Albert Einstein na Mtihani wa Zurich

Wengi wetu humu shuleni tumepata kusikia ya kwamba Albert Einstein, yule mtaalamu mkubwa wa fizikia, alikuwa mjinga wa hesabu alipokuwa mwanafunzi. Habari hiyo hupendwa sana, hasa siku ambayo matokeo ya majaribio yamebandikwa ukutani, maana humfariji kila mtu aliyepata alama mbaya. Mimi niko Kidato cha Nne, na natumaini kusoma fizikia katika Chuo Kikuu siku moja, lakini alama zangu si zote nzuri. Kwa hiyo nilitaka kuujua ukweli wa jambo hili. Nimesoma habari za maisha yake, nikaona ya kuwa maneno yale si kweli; lakini kweli yenyewe ina faida kubwa zaidi kwetu. Nawaomba wasomaji wa gazeti letu wanisikilize.

Einstein alizaliwa tarehe 14 Machi, 1879, katika mji wa Ulm, Ujerumani. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia Munich, na huko baba yake, Hermann, pamoja na baba yake mdogo, Jakob, walifanya biashara ya vyombo vya umeme. Alipokuwa mtoto mdogo baba yake alimwonyesha dira. Mtoto akastaajabu kuona sindano inarudi upande ule ule kila dira igeuzwapo, wala hapana mkono unaoishika. Alipokuwa na miaka 12 alipata kitabu cha jiometri akakisoma mwenyewe kwa furaha, na kabla ya kutimiza miaka 16 alikuwa amekwisha kujifunza kalkulasi. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuitwa mjinga wa hesabu.

Shida yake ilianza mahali pengine. Katika mwaka 1894 biashara ya baba yake ilianguka, na jamaa yote ikahamia Italia. Albert aliachwa Munich ili amalize shule. Yeye hakuipenda shule ile, kwa sababu mafundisho yake yalikuwa ya kukariri na amri zilikuwa nyingi. Mwezi Desemba, 1894, akiwa na miaka 15 tu, akaondoka akawafuata wazazi wake. Basi akawa kijana mwenye akili nyingi lakini hana cheti cha kumaliza shule, na asiye na cheti hubishaje hodi katika Chuo Kikuu?

Palikuwa na mlango mmoja. Katika mji wa Zurich, Uswisi, kilikuwapo chuo kikubwa cha ufundi na sayansi, ambacho kilimkubali mtu asiye na cheti iwapo atashinda mtihani wa chuo chenyewe. Watahiniwa walitakiwa wawe wamefikia miaka 18 hivi, na Einstein alikuwa na miaka 16. Rafiki mmoja wa wazazi wake akamwombea ruhusa, akaruhusiwa. Mtihani ulifanywa mwezi Oktoba, 1895.

Matokeo yalipotoka, katika hesabu na fizikia alikuwa amefanya vizuri sana. Lakini katika masomo ya jumla, Kifaransa kikiwa kimojawapo, hakufikia kiasi kilichotakiwa. Chuo kikamkataa.

Hapa napenda msomaji atue kidogo, kwa maana jambo lililofuata ndilo lililonivutia kuliko yote. Heinrich Weber, profesa wa fizikia, alipoona kazi ya kijana huyu alimruhusu kuhudhuria mafundisho yake kama angekaa Zurich. Naye mkuu wa chuo, Albin Herzog, hakumwambia aende zake tu. Alimshauri aende katika mji wa Aarau, si mbali na Zurich, akasome mwaka mmoja katika shule ya sekondari ya jimbo, apate cheti, kisha arudi. Einstein angaliweza kununa. Angaliweza kusema kwamba mtu ajuaye kalkulasi hana haja ya kurudi kukaa darasani. Hakusema hivyo; alikwenda.

Huko Aarau alikaa katika nyumba ya mwalimu mmoja aliyeitwa Jost Winteler, akatunzwa kama mtoto wa nyumbani. Shule ile ilikuwa na vyombo vizuri vya sayansi, na walimu wake waliwaacha wanafunzi waulize na kufikiri. Ni katika miaka ile alipoanza kujiuliza swali moja la ajabu: kama mtu angeweza kukimbia sambamba na mwali wa nuru, angeona nini? Swali hilo alilichukua moyoni miaka kumi.

Mwisho wa mwaka wa masomo, 1896, alipata cheti chake. Alama zilitolewa kutoka 1 mpaka 6, na 6 ndiyo iliyokuwa ya juu. Katika aljebra, jiometri, fizikia na historia alipata 6. Kijerumani, Kitaliano na kemia alipata 5. Jiografia na kuchora alipata 4. Kifaransa alipata 3. Mtu aliyezoea desturi ya Kijerumani, ambako 1 ndiyo alama bora, akikitazama cheti hiki atakisoma kinyume, na kudhani ya kuwa Einstein alishindwa hesabu.

Kwa cheti hicho Chuo cha Zurich kilimpokea mwezi Oktoba, 1896, pasipo mtihani mwingine, katika idara ya kuwafunza walimu wa hesabu na fizikia. Alikuwa na miaka 17, umri wangu mimi ninayeandika haya. Kifaransa chake kilikuwa bado dhaifu, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Isidhaniwe kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa laini. Einstein alipenda kujisomea fizikia mpya chumbani kwake, akaacha kuhudhuria mafundisho mengi, na karibu na mtihani alitegemea madaftari ya rafiki yake, Marcel Grossmann. Katika mwaka 1899 alipewa onyo na chuo kwa uvivu katika darasa la majaribio ya fizikia, na katika somo hilo akapata 1, alama ya chini kabisa. Katika mwaka 1900 alishinda mtihani wa mwisho kwa wastani wa 4.91 katika 6, akawa wa nne katika wanafunzi watano. Wale watatu waliomtangulia walipata kazi ya usaidizi hapo hapo chuoni; yeye hakupata. Alihangaika karibu miaka miwili, akifundisha shule kwa muda hapa na pale, mpaka mwezi Juni, 1902, alipoajiriwa mjini Bern katika ofisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi. Kazi hiyo pia aliipata kwa msaada wa baba yake Grossmann.

Mchana alichunguza mitambo ya watu wengine, na wakati wake mwingine aliutumia kwa fizikia. Mwaka 1905 alitoa maandiko yaliyoigeuza elimu ya fizikia. Alionyesha kwamba nuru hufika kwa vipande vidogo vidogo. Alieleza kwa nini chembe ndogo huchezacheza zikiwa ndani ya maji, na hivyo akawasaidia watu kusadiki ya kuwa atomi zipo kweli. Alilijibu pia lile swali lake la Aarau: hakuna awezaye kuufikia mwendo wa nuru, ambao ni kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na kila mtu aupimapo huona mwendo ule ule mmoja, kinachobadilika ni vipimo vya wakati na urefu. Mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Zurich kilimpa shahada ya udaktari.

Mwaka 1909 akawa profesa katika Chuo Kikuu hicho. Na mwaka 1912 chuo kile cha ufundi na sayansi, kilichomkataa mwaka 1895, kilimwita arudi akiwa profesa wake. Huko alimkuta Grossmann, naye akiwa profesa wa hesabu, akamwomba amfundishe hesabu ngumu alizozihitaji kwa elimu yake mpya ya mvutano. Elimu hiyo ilikamilika mwaka 1915. Tarehe 29 Mei, 1919, jua lilipopatwa, Waingereza waliipima nuru ya nyota katika kisiwa cha Principe, karibu na pwani ya Afrika Magharibi, na pia huko Sobral, Brazil. Wakaona ya kuwa nuru hupindwa na jua kama Einstein alivyosema. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Mwaka 1933, Hitler alipotawala Ujerumani, Einstein, ambaye alikuwa Myahudi, alihamia Marekani, akafa huko Princeton tarehe 18 Aprili, 1955.

Sasa, sisi tunajifunza nini? Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu mwezi Novemba, na nafasi za Kidato cha Tano katika Fizikia, Kemia na Hesabu hugombewa na wengi. Wenzangu wengine husema kwamba mtu wa sayansi hana haja ya kuhangaika na masomo mengine. Maisha ya Einstein yanasema vingine. Masomo aliyoyadharau ndiyo yaliyomfungia mlango mwaka 1895, na mafundisho aliyoyakwepa yalimnyima kazi mwaka 1900. Mimi nina saa moja kila jioni kwa lile somo ambalo si rafiki yangu, na nikimfikiria Einstein naona si saa ya kupotea.

Lakini yanasema pia kwamba alama moja mbaya si hukumu ya maisha. Kwa wazazi wetu nasema kwa heshima: mwaka mmoja wa kurudi nyuma si aibu, ikiwa ni mwaka wa kuziba pengo. Na kwa walimu wetu: mkuu mmoja wa chuo alimkataa kijana, lakini akamwonyesha njia ya kurudia, na dunia nzima imefaidika kwa shauri lile. Wahenga wetu walikwisha sema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi hana budi kwenda kutafuta koleo jingine.