Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Utulivu wa Nyumba Wakati wa Ukata

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, hali ya majumba yetu tunaijua. Bei ya mchele na mafuta inapanda, kipato kiko pale pale, na baba akirudi jioni mikono mitupu huingia ndani kimya kimya asije akaulizwa. Mama naye ana kadi tatu za mchango wa harusi juu ya kabati na hajui aanze na ipi. Katika hali hii tumeona tukumbushane maisha ya mwanachuoni wa pwani yetu aliyewakuta watu katika ukata mkubwa akawaambia ukweli kwa ajili ya mapenzi.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (Allah amrehemu) alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake uliitawala Mombasa mpaka ulipong'olewa mwaka 1837, kwa hiyo alizaliwa katika watu wenye jina kubwa ambao utawala ulikwisha kuwatoka. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni. Alifariki mwanawe angali mdogo, na yatima yule akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui.

Baadaye alivuka bahari kuja Unguja kutafuta elimu, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir, masheikh wawili ambao visiwa vyetu vinawajua vizuri. Alisoma pia jarida la Al-Manar la Cairo, ambalo lilikuwa likiwataka Waislamu watazame wenyewe kilichowarudisha nyuma.

Kisha ikaja dhiki. Kuanzia mwaka 1929 biashara ya dunia ilianguka, na bei za mazao zikaanguka nayo. Huku kwetu Unguja na Pemba karafuu haikulipa tena. Wenye mashamba walikuwa wamekopa kwa kutegemea mavuno, wakajikuta mashamba yako rehani na deni haliishi. Mambo yalifika hadi serikali ya Zanzibar mwaka 1934 ikatunga sheria ya kuzuia ardhi isichukuliwe ovyo kwa madeni. Mombasa na Lamu nako hali haikuwa njema.

La kusikitisha ni kwamba mifuko ilipungua lakini shughuli hazikupungua. Harusi ziliendelea kuwa za siku nyingi, na matanga yalipikiwa kama karamu. Mtu aliona aibu kufanya kidogo kuliko jirani yake, lakini hakuona aibu kuweka rehani alichoachiwa na wazazi.

Hapo Sheikh Al-Amin akashika kalamu. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo aliloliita Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili ili afahamike na kila mtu. Alikemea israfu katika harusi na misiba, alikemea uvivu na kudharau kazi za mikono, na alihimiza watoto wasomeshwe, wasichana kwa wavulana. Baadhi ya makala zake zilikusanywa mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Haikuwa rahisi. Aliyekuwa akisema hayo alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, na waliokemewa walikuwa jamaa, majirani na wanaoswali naye. Hata hivyo hakuacha, na watu hawakumtupa. Mwaka 1932 alikuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoifanya mpaka alipofariki mwaka 1947.

Tukiyatazama maandishi yake leo, tunaona hakuwataka watu wajifanye wana furaha wakati hawana. Alilenga kitu kinachoiondoa furaha nyumbani, nacho ni kuishi kwa macho ya watu. Umasikini wenyewe nyumba inaweza kuustahamili. Kisichostahamilika ni mlango kugongwa na mdai, mume na mke wakalaumiana usiku, na watoto wakasikia.

Dini yetu imetufungulia njia. Suratul Furqan inawasifu waja wa Rahmani kuwa katika kutoa kwao hawafanyi israfu wala ubakhili, wako kati na kati. Sayyidna Ali (r.a.) alimuoa Bibi Fatma (r.a.) kwa mahari ya deraya yake. Alipouawa shahidi Sayyidna Jaafar (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wawapikie wafiwa. Sisi tumegeuza, wafiwa ndio wanaokopa watupikie.

Kukopa kwa haja, kwa nia ya kulipa, kunaruhusiwa, mradi pasiwe na riba. Lakini kukopa ili tuonekane ni kujibebesha mzigo ambao dini haikututwika. Basi na tukae kitako na wake zetu na watoto wetu, tuwaambie kwa upole kilichopo na kisichopo. Mtoto akielezwa huelewa, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kusema viatu vya mwaka jana bado vizima. Tuandike madeni yetu kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara. Na anayeozesha kwa sahani chache tumpongeze, tusimsengenye.

Haya si ya visiwani peke yetu. Mkulima wa Tlawi kule Mbulu na mvuvi wa Micheweni wote wanajua mwaka mbaya ulivyo, na wote wanajua kuwa chakula kidogo kilicholiwa kwa amani kinashiba.

Sheikh Al-Amin alipofariki, mwanawe Ali alikuwa na umri wa miaka 14. Mtoto huyu alizaliwa mwaka 1933, katika miaka ile ile ya dhiki, na baba yake alitamani aje asome Al-Azhar. Hilo halikuwa. Mtihani wa skuli nao haukumwendea vizuri, akafanya kazi ya ukarani, kisha akapata njia ya kwenda kusoma Uingereza. Ndiye Profesa Ali Mazrui aliyejulikana duniani kote mpaka alipofariki mwaka 2014. Malezi na elimu ni urithi ambao hakuna mdai anayeweza kuushika rehani.

Tunamuomba Allah amrehemu Sheikh Al-Amin, atulipie madeni yetu, azitie baraka riziki zetu ndogo, na azijaalie nyumba zetu kuwa za utulivu katika neema na katika dhiki. Amin.

Wabillahi tawfiq.