Aston: Fundi wa kiwanda cha bia aliyepima atomu

Si kila mtu huanza kazi pale anapotaka. Francis William Aston, aliyezaliwa Harborne, Uingereza, mwaka wa 1877, alisomea kemia, lakini pesa zilipokosekana akaajiriwa kwenye kiwanda cha bia. Kwa miaka mitatu mchana alishughulikia uchachushaji, na nyumbani akajiundia pampu zake za kutoa hewa kwenye chupa. Mikono hiyo ndiyo iliyomrudisha chuoni 1903.

Mwaka wa 1910 akawa msaidizi wa J. J. Thomson kule Cambridge. Hapo kulikuwa na fumbo moja. Gesi ya neoni ilikuwa na uzito wa 20.2. Sasa hiyo 0.2 ilitoka wapi? Chombo cha Thomson kilionyesha alama mbili, moja kwenye 20 na nyingine 22. Aston akashuku kwamba neoni ziko mbili. Akajaribu kuzitenganisha kwa kuipitisha gesi kwenye udongo wa mfinyanzi, tena na tena. Tofauti aliyopata ilikuwa ndogo mno, na wengi hawakushawishika. Kisha vita vya 1914 vikazuka, akapelekwa Farnborough kushughulikia mambo ya ndege. Kazi ikalala.

Jamaa hakufa moyo. Mwaka wa 1919 alirudi na kuunda mashine iliyopindisha njia ya atomu kwa umeme na sumaku, kila uzito ukatua mahali pake kwenye bamba la picha. Jibu likawa wazi: katika kila atomu kumi za neoni, takriban tisa ni za 20 na moja ni ya 22. Piga hesabu mwenyewe, wastani ni 20.2! Alipewa Tuzo ya Nobel 1922, na kwa jumla alitambua isotopu 212. Alifariki Novemba 1945.

Lakini mashine za aina hiyo hazikuzikwa naye. Wanasayansi walizitumia kuchunguza vimondo vyenye kaboni nyingi, kama kile kilichoanguka Orgueil, Ufaransa, 1864. Ndani ya chembe fulani ndogo sana, neoni ilikuwa karibu yote ya 22. Naitrojeni na zenoni nazo zilikuwa na mchanganyiko usiofanana na wa hewa yetu. Maana yake? Chembe hizo zilitoka kwenye nyota nyingine, kabla Jua letu halijazaliwa.

Yote hayo yalianza na kijana aliyekataa kupuuza 0.2.